Nani Ageuke, Neno au Noti?

(Hotuba iliyotolewa katika ukumbi wa shule siku ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani. Inachapwa hapa kwa ombi la Kamati ya Jarida.)



 Katibu aliponiandikia alinitaka nizungumze juu ya jambo lolote linalohusu kazi yangu. Nilicheka peke yangu. Kazi yangu serikalini ni kupanga kurasa. Vitabu vya takwimu, taarifa za mwaka, fomu za maombi: wenzangu huandika, nami huyapanga yaliyoandikwa yakae ukurasani kwa namna ya kusomeka. Sijapata kumsikia mtoto akimwambia mama yake kwamba akikua anataka kupanga fomu.

Lakini asubuhi hii lilitokea jambo lililonitia moyo. Tuliposimama kuimba wimbo wa shule, sote tulisikia. Mistari miwili ya kwanza tulikwenda pamoja. Tulipofika mstari wa tatu, sisi wakubwa tulipanda na ninyi wanafunzi mkashuka. Tukatazamana. Mkuu wa Shule akatazama dari. Maneno tuliyokuwa tukiyaimba ni yale yale, maana huchapwa katika jalada la nyuma la jarida hili kila mwaka. Sauti ndizo zilizogawanyika, kwa kuwa sauti hazikuchapwa popote.

Basi nitawasimulia habari za kitabu kimoja cha sala cha Kiyahudi, chenye maneno ya Kiebrania na noti za muziki, ambacho kurasa zake nilizipanga mimi nilipokuwa Uingereza. Najua wengine mnajiuliza habari hizi zinatuhusu nini. Naomba mnivumilie. Kabla sijaketi nitaurudia ule mstari wa tatu.

Kazi hii ya kupanga kurasa nilianza kuifanya hapa hapa. Nilipokuwa kidato cha tatu, mwalimu wetu wa kwaya, ambaye wenzangu wa miaka ile mnamkumbuka kwa kile chuma chake cha kutolea sauti alichokuwa akikigonga gotini, alinipa kazi ya kukata stensili za nyimbo za mahafali. Yeye aliandika ubaoni kwa tonika solfa, yaani zile herufi d, r, m, f, s, l, t. Mfumo huo ulianzishwa na mwalimu mwanamke wa Kiingereza, Sarah Glover, ukaendelezwa na kuenezwa na John Curwen katika karne ya 19, na wamisionari wakauleta huku kwetu. Mimi nikapiga taipu: maneno mstari mmoja, herufi za solfa mstari wa juu yake. Sikujali herufi ipi inakaa juu ya silabi ipi. Nilichojali ni mistari yote kuishia sawa pembeni. Karatasi ilipendeza kweli kweli. Siku ya mazoezi, sauti ya pili ilimaliza neno kabla sauti ya kwanza haijalianza. Mwalimu hakunichapa. Aliinua karatasi ile, akaitazama, akaniuliza: "Umepanga vizuri sana, lakini umempangia nani?"

Jibu la swali hilo nililipata baada ya miaka 16.

Mwaka 2012 nilipata nafasi ya kusomea shahada ya pili ya mambo ya uchapaji katika chuo kikuu kimoja cha Uingereza. Kila mwanafunzi alitakiwa afanye kazi moja kwa ajili ya watu halisi. Jumuiya ndogo ya Wayahudi, watu wasiofika hamsini, ilikuwa imekiomba chuo msaada wa kutengeneza kijitabu cha sala za Ijumaa jioni, wakati Sabato inapoingia, pamoja na noti za nyimbo 12. Wenzangu waliogopa Kiebrania. Mimi nikanyosha mkono. Babu yangu, mtu wa Pangani, aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu mpaka alipofariki, barua na tenzi pia. Nami nilipita madrasa nikiwa mdogo. Maandishi yanayotoka kulia kwenda kushoto hayakuwa mageni kwangu. Nilijiona mwenyeji.

Nyimbo zile 12 zilikuwa katika kichwa cha mtu mmoja. Alikuwa mzee wa miaka 83, mzaliwa wa Chekoslovakia, katika mji mdogo ambako baba yake alikuwa hazani, yaani mwimbishaji wa sala katika sinagogi. Mwaka 1939, akiwa na miaka kumi, alipandishwa garimoshi akapelekwa Uingereza. Alikuwa mmoja wa watoto wapatao 10,000, wengi wao Wayahudi, waliookolewa namna hiyo kutoka mikononi mwa Wanazi kati ya Desemba 1938 na kuanza kwa vita Septemba 1939. Wazazi wake walibaki. Hakuwaona tena. Sinagogi lile halipo, na waliokuwa wakisali ndani yake hawapo. Kilichosalia ni sauti alizozisikia mtoto aliyesimama kando ya baba yake kila Ijumaa jioni. Mwanafunzi mmoja wa muziki alimrekodi mzee akiimba, akaziandika sauti zile kwa noti. Kazi yangu ilikuwa kuziweka kitabuni.

Ndugu zangu, kitabu cha sala cha Wayahudi huitwa siduri. Jina hilo latokana na mzizi wa Kiebrania wenye maana ya kupanga, kwa sababu kitabu hicho hupanga ipi isaliwe kwanza na ipi ifuate. Kwa hiyo kitabu chenyewe jina lake ni Mpangilio! Nilipoambiwa hivyo nilijiona kama mtu aliyeitwa kwa jina lake.

Sasa lieleweni tatizo lenyewe. Kiebrania kina herufi 22, nazo huandikwa kutoka kulia kwenda kushoto. Haziungani kama za Kiarabu. Irabu zake ni vitone na vistari vidogo, na vingi vyao hukaa chini ya herufi. Noti za muziki wa Ulaya, zile za mistari mitano, hutoka kushoto kwenda kulia. Basi neno linatoka upande huu na sauti inatoka upande ule, na inatakiwa zikutane katika kila silabi.

Chukueni neno letu karibu. Lina silabi tatu: ka, ri, bu. Mtu akikupangia silabi hizo kuanzia kulia, nawe macho yako yamezoea kuanzia kushoto, utasoma "burika". Ndivyo inavyompata msomaji wa Kiebrania. Neno shalom, yaani amani, lina silabi mbili. Noti ya kwanza iko kushoto, kwa hiyo "sha" inakaa kushoto, na "lom" inakaa kulia chini ya noti ya pili. Jicho la Mwebrania huanzia kulia, basi husoma "lomsha". Amani imekwisha haribika.

Tatizo hili ni la kale, na kabla sijagusa karatasi nilisoma namna wenzetu walivyolikabili. Kwa kusoma Maandiko, Wayahudi walikuwa na alama zao wenyewe, zilizokamilishwa na wataalamu wa Tiberia kufikia karne ya 10. Hizo hukaa juu na chini ya maneno, zikafuata mwendo wa maneno, hazina ugomvi na mtu. Lakini kila alama husimama badala ya kipande kizima cha sauti, na kipande hicho Wayahudi wa Yemeni hukiimba vingine, na wa Ulaya vingine. Ni lazima uwe umefundishwa na mtu. Sauti za sala za kila siku, nazo, zilirithiwa kwa mdomo.

Wa kwanza tunayemjua kuandika muziki wa Kiyahudi kwa noti alikuwa Obadia Mwongofu, mtu aliyezaliwa Mkristo huko Oppido, kusini mwa Italia, akaingia dini ya Kiyahudi mwaka 1102, na baadaye akaishi Misri. Aliandika noti za namna ya watawa wa kwao, lakini akazigeuza zitoke kulia zifuate Kiebrania. Karatasi zake zilipatikana katika hazina ya maandishi ya sinagogi moja la kale huko Kairo.

Miaka mia tano baada yake alikuja Salamone Rossi, mwanamuziki wa Mantua, ambaye yapata mwaka 1623 alichapisha Venice nyimbo 33 za Kiebrania za sauti tatu hadi nane. Yeye alifanya kinyume: noti aliziacha ziende kushoto kwenda kulia, na mwimbaji akaachiwa taabu ya kuyafuata maneno kinyumenyume. Maelezo yaliyotiwa katika kitabu chake yalitoa sababu: maneno waimbaji wanayajua tayari, basi ni afadhali yageuke maneno kuliko kuzigeuza noti na kuwavuruga watu akili.

Karne ya 19, watungaji kama Salomon Sulzer wa Vienna na Louis Lewandowski wa Berlin walipochapisha muziki wa masinagogi, ilienea desturi ya kuandika matamshi ya Kiebrania kwa herufi za Kilatini chini ya noti, namna anavyoweza kuyasoma hata mwanakwaya asiyejua Kiebrania. Kisha akaja Abraham Zvi Idelsohn, aliyekusanya sauti za Wayahudi wa nchi nyingi katika vitabu kumi kuanzia mwaka 1914, na ambaye alifia Johannesburg mwaka 1938. Katika baadhi ya vitabu vyake vya Kiebrania, noti zilirudi tena kutoka kulia.

Mnaona basi kwamba kwa karne nyingi swali lilikuwa moja tu: nani ageuke, neno au noti?

Mimi nilichagua njia nyepesi. Nilifuata desturi ya herufi za Kilatini. Kwa majuma matatu nilikuwa nimemaliza kurasa 24 nzuri, noti juu, silabi chini zimekaa sawasawa, maana kosa la mahafali sikulisahau. Nikampelekea mzee nyumbani kwake. Akafungua, akapekua mpaka mwisho, akarudi mwanzo.

"Maneno yako wapi?" akauliza.

Nikamwonyesha kwa kidole.

"Huu ni mlio wa maneno," akasema. "Nauliza maneno."

Hapo ndipo nilipofahamu kwamba mzee hakujua kusoma noti hata moja. Alichojua ni Kiebrania, tangu utoto. Katika kurasa 24 za nyimbo zake mwenyewe, hapakuwa na mstari hata mmoja aliouzoea kuusoma.

Nikarudi kuanza upya. Safari hii nilikata Kiebrania silabi kwa silabi, nikaziweka chini ya noti kutoka kushoto. Programu ya kupangia kurasa niliyokuwa nayo haikujua maandishi yanayotoka kulia. Kila nilipobandika neno, herufi zilipinduka na vitone vya irabu vikahamia kwa jirani. Nilisogeza silabi moja moja kwa mkono, usiku na mchana, zaidi ya miezi miwili. Nilijisifu kwa subira. Kumbe subira isiyouliza ni ukaidi tu.

Mzee alivaa miwani, akasoma kwa sauti kama nilivyopanga. "Lomsha," akasema. Akanyamaza. Akasoma mstari mzima vivyo hivyo, polepole, kama mtu anayesoma hukumu. Nilitamani ardhi ipasuke.

Kisha akaweka kidole juu ya neno moja. Lilikuwa Jina la Mungu, lenye herufi nne. Wayahudi hawalitamki kama lilivyoandikwa. Wakilifikia husema Adonai, yaani Bwana. Herufi zilizoandikwa na silabi zinazotamkwa hazilingani kabisa, kwa hiyo hakuna namna ya kulikata. Nami nilikuwa nimelikata vipande vitatu, nikavitandaza chini ya noti tatu.

"Hili halikatwi," akasema. Akaniuliza prufu nyingine za kurasa hizi ziko wapi. Nikamjibu kwamba nilizitupa kwenye pipa la taka la chumba chetu cha kazi.

Ndugu zangu, mzee wa miaka 83 alisimama akavaa koti. Tulipanda basi pamoja mpaka chuoni. Taka za juma lile zilikuwa hazijachukuliwa. Tuliinama sote wawili, tukazitoa karatasi moja moja katika mabaki ya chakula na vikombe vya chai, naye akazifuta kwa leso yake. Hakunikemea. Angenikemea ningepata nafuu.

Njiani kurudi alinieleza. Karatasi yenye Jina la Mungu Wayahudi hawaitupi wala hawaichomi. Ikichakaa huwekwa mahali pake, panapoitwa geniza, na baadaye huzikwa. Nikakumbuka Obadia. Ile hazina ya Kairo zilikopatikana noti zake ilikuwa geniza. Huko, katika sinagogi la Ben Ezra, zilikutwa karatasi zilizokusanyika kwa karne nyingi, na miaka ya 1896 na 1897 mtaalamu Solomon Schechter akachukua kiasi kikubwa kupeleka Cambridge. Kama watu wa Kairo wangekuwa na tabia kama yangu, noti za kale kuliko zote za muziki wa Kiyahudi zingeishia katika pipa. Hawakujua kwamba wanamwekea mtu kitu. Walikataa kutupa, basi.

Siku hiyo nilifanya jambo ambalo ningelifanya siku ya kwanza. Nilimwuliza mzee: "Ukisali, unashikaje kitabu? Jicho lako huanzia wapi?" Akanichukua hadi kabatini akanionyesha siduri zake. Moja ilikuwa ya mwaka 2009, ya nyumba ya uchapaji ya Koren ya Yerusalemu, yenye Kiebrania na Kiingereza. Kiebrania kilikuwa ukurasa wa kushoto na Kiingereza ukurasa wa kulia. Nilidhani wamekosea, kwa maana lugha inayoanzia kulia ungeitarajia iwe kulia. Nikatazama tena. Mstari wa Kiebrania huanzia ukingo wa kulia wa ukurasa wake. Ukurasa ukiwa wa kushoto, ukingo huo ni mgongoni mwa kitabu, pale kurasa mbili zinapokutana. Mstari wa Kiingereza huanzia ukingo wa kushoto, na ukurasa ukiwa wa kulia, ukingo huo nao ni mgongoni. Lugha zote mbili zinaanzia mahali pamoja, kisha kila moja inashika njia yake, kama ndugu wawili wanaotoka mlango mmoja asubuhi, huyu akaenda shamba na huyu akaenda sokoni.

Sikulala usiku ule. Nilipanga Kiebrania kizima ukurasa wa kushoto, kwa herufi kubwa, irabu zote mahali pake, na Jina zima bila kukatwa. Ukurasa wa kulia nikapanga noti, na matamshi ya Kilatini chini yake. Kila mstari wa Kiebrania ulilingana kwa kimo na mstari mmoja wa noti, na mistari yote nikaikata pale ambapo mwimbaji huvuta pumzi. Mistari ya kugawa mapigo niliiondoa, kwa kuwa sala zile haziendi kwa mapigo ya ngoma. Mahali pengi maneno mengi hukaa juu ya sauti moja ndefu, kisha hushuka mwishoni. Hali kadhalika nilihakikisha kwamba hakuna sala ya kusimama inayomlazimu mtu kufunua ukurasa katikati yake. Hapakuwa na haja tena ya mtu kugeuka, si neno wala noti.

Mzee aliweka kidole mgongoni mwa kitabu, akaanza kuimba akielekea kushoto. Mwanafunzi wa muziki akaweka kidole chake pale pale, akafuata kuelekea kulia. Walianza pamoja na kumaliza pamoja.

Katika mstari wa nne mzee alisimama ghafla. "Hapa pana kosa," akasema. "Hapa baba alishuka. Ninyi mmepanda."

Ndugu zangu, lishikeni neno hili, maana ndilo lililonileta hapa. Kosa lile lilikuwamo tangu kurasa zangu za kwanza. Mzee hakuweza kulionyesha kwa sababu hakuweza kufuata. Ukurasa usiosomeka kwa mwenye habari huficha makosa, na waliobaki wote huamini kwamba kazi ni safi. Tangu siku hiyo tulikwenda kwake kila juma, wimbo mmoja kwa juma moja, naye akasahihisha.

Tulifika wimbo wa 11. Wa 12, ambao ni wa kufungia sala, alikuwa ameuimba kwa njia mbili tofauti wakati wa kurekodiwa, na hakuwa na hakika ipi ndiyo ya baba yake. Alisema tusiharakishe, tutakapoufikia na kitabu kikiwa mkononi atakumbuka. Machi 2013 alilazwa hospitali kwa ugonjwa wa mapafu, na baada ya siku tisa akafariki.

Jumuiya ilikaa kuamua. Wengine walisema tuchague njia moja kati ya zile mbili, nani atajua? Binti yake akasema: "Baba alisema bado." Basi ukichukua kitabu kile leo, mwishoni utakuta ukurasa wa kushoto sala nzima kwa Kiebrania, na ukurasa wa kulia mistari mitano mitano ya noti, mitupu. Niliipanga mimi. Ni ukurasa mwepesi kuliko yote niliyopata kupanga, na ndio ulionichukua muda mrefu. Maana nilijua hesabu yake. Kurasa ambazo mzee hakuweza kuzisoma zilikula zaidi ya miezi mitatu. Tulihitaji juma moja.

Wala msidhani mambo haya ni ya Ulaya peke yake. Jirani zetu Uganda, karibu na Mbale, wako Wayahudi waitwao Abayudaya. Jumuiya yao ilianzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919, na mwaka 1922 alitoa kitabu cha Kiganda cha kanuni na sala kwa ajili yao. Katika miaka ya utawala wa Idi Amin ibada yao ilipigwa marufuku, na wengi waliiacha dini. Waliosalia walisali kwa siri na kuendelea kuimba. Mwaka 2003 nyimbo zao, za Kiganda na za Kiebrania, zilitolewa katika santuri na Smithsonian Folkways ya Marekani. Sauti hizo zilivuka miaka ile migumu ndani ya vinywa vya watu. Zingeweza kutovuka.

Wadogo zangu wanafunzi, mtatoka hapa muwe wahandisi, waganga, wakulima, walimu, na wengine, Mungu akipenda, mtakaa ofisini mkipanga fomu kama mimi. Kazi yoyote mtakayoifanya itakuwa na mtu upande wa pili anayeipokea. Mimi sasa, kabla ya kupanga fomu, huichukua nikaketi na mzee mmoja wa kijijini, nikamwomba aijaze mbele yangu bila kumsaidia. Pale kalamu yake inaposimama ndipo penye kosa langu. Njia hii sikufundishwa na kitabu. Nilifundishwa na mwalimu wa kwaya na mzee wa Chekoslovakia, nami nilikuwa mgumu wa kufundishika kwa wote wawili.

Sasa narudi kwenye mstari wa tatu. Mwalimu wetu aliyetufundisha wimbo wa shule hatunaye tena. Alifariki miaka sita iliyopita. Sauti alizotufundisha zimo katika vichwa vya watu waliomo humu ukumbini, na nimewahesabu: waliokuwa katika kwaya yake leo tuko tisa. Mwaka jana tulikuwa kumi na mmoja.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, natoa hoja. Baada ya chakula cha mchana, sisi tisa tubaki humu pamoja na kwaya ya sasa. Tuimbe sisi, kisha waimbe wao, na turekodi vyote. Mwalimu wa muziki aandike kwa solfa, na mimi nitapanga ukurasa, kila herufi juu ya silabi yake. Kisha ukurasa huo usomwe na wanafunzi wa kidato cha kwanza kabla haujaenda mtamboni. Tukishindwa kupatana juu ya mstari wa tatu, tuchape njia zote mbili, tuandike ipi ilikuwa ya miaka gani. Na kama hapatakuwa na mwenye hakika, tuache nafasi tupu juu ya maneno, ili watakaokuja wajue kwamba palikuwa na kitu hapo, nasi tulichelewa kukiuliza.

Mwalimu aliniuliza nimempangia nani. Safari hii jibu ninalo. Nampangia kijana atakayesimama katika ukumbi huu miaka 50 ijayo, ambaye hatamkuta hata mmoja wetu wa kumwambia apande au ashuke.